Dakika Moja Bila Redio

Majirani walimwita Redio yule mama fundi cherehani, maana tangu alfajiri mdomo wake haukupumzika. Bintiye alisomea kurekodi sauti chuo cha filamu, na chuo kikatangaza nafasi ya mafunzo ng'ambo. Kila mwombaji alitakiwa kupeleka dakika moja ya kimya cha chumba, kile kinachowekwa chini ya mazungumzo ya filamu.

"Mama, nakuomba, usiseme hata neno."

"Haya mwanangu, nimejifunga mdomo."

Akasimamisha cherehani, akatulia kama maji mtungini. Binti akapata nafasi, akaenda. Akiwa huko, mama akafariki.

Sasa binti amepekua rekodi zake zote. Mvua anayo, magari anayo, hata mbwa wa jirani anaye. Mama yumo mara moja tu: dakika nzima, kimya, kama alivyoambiwa.