Mzee Brashi na Pipa Lililonyamaza

Kazi ya Mzee Brashi ilikuwa moja: kuosha. Miaka thelathini mkewe alipika bia ya asali na tangawizi katika chumba cha nyuma, mapipa matatu tu, na watu walivuka mitaa kuifuata. Yeye aliosha chupa. Chupa aliyoiosha yeye, ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu.

Mke akafariki. Mapipa yakakauka.

Mwezi wa tatu baada ya msiba mzee akasema basi, bia hii haitamfuata kaburini. Akachemsha kimea, akatia asali na tangawizi kwa kipimo cha macho, kama alivyomwona akifanya. Lakini kabla ya yote alisugua kila kitu, hadi mwiko mrefu wa marehemu uliotundikwa ukutani, mweusi kwa ukoko. Maji ya moto, sabuni, brashi.

Siku tatu akaweka sikio kwenye pipa. Marehemu alikuwa akisikiliza hivyo hivyo, kisha anasema, "Limeanza kusema." Hili lilitulia kama maji mtungini.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaja, akanusa. "Mwiko uko wapi?"

Mzee akauonyesha kwa maringo. Mweupe kama jino.

Shemeji akacheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, umeua chachu! Yote ilikuwa kwenye ule ukoko. Dada alikoroga, akautundika hivyo hivyo."

"Mbona hakuniambia?"

"Alikupigia kelele mara ngapi? Wee Brashi, usiguse!"

Kweli. Mzee akautazama ukuta. Kumbe bia ya mkewe kaimaliza yeye, kwa mikono yake. Machozi yakamlenga.

Shemeji akaacha kucheka. "Ngoja," akasema, akatoka mbio.

Akarudi na mwiko mwingine, mweusi kwa ukoko, umeshika utando wa buibui. "Wa dada huu. Niliuazima mwaka jana. Kila siku alikuwa akinidai, nami kesho, kesho."

"Hukuuosha?"

"Mimi? Lini umeniona naosha kitu?"

"Mungu akuzidishie uvivu, shemeji."

Wakapika upya, wakaacha ipoe. Wakapangusa utando tu, wakakoroga.

Kesho yake asubuhi, vichwa viwili juu ya pipa moja. Ndani mlikuwa na sauti ndogo, kama mvua inayoanza juu ya bati.

"Linasema nini?" mzee akauliza.

"Linasema, wee Brashi, usiguse!"

Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akautundika mwiko msumarini, na uchafu wake, akaenda kuosha chupa.