Nyumba Isiyo na Ubavu

Bi Zeyana alizaliwa, akaolewa na akafiwa na mume katika mtaa ule ule wa Tabora, penye safu ya nyumba kuukuu zilizoshikana kuta tangu enzi za misafara. Nyumba yake ilikuwa nyembamba mno. Ukiingia mlango wa mbele unapita chumba, unaingia chumba, unaingia kingine, mpaka unapotokea uani. Vyumba vya katikati havikulijua jua. Humo chemli iliwaka hata adhuhuri.

Mumewe Humaidi alipofariki, majirani wa kulia walikuwa wameshakwenda Maskati, na wa kushoto wamehamia Dar es Salaam. Milango yao ikatiwa makufuli. Zamani Bi Zeyana akikohoa, shoga yake Fakhria alikuwa akiuliza kutoka upande wa pili wa ukuta, "Umepatwa na nini, mwenzangu?" Sasa aliweza kukohoa kutwa, asiulizwe na mtu.

Mwanawe wa pekee, Ghalibu, alikuwa karani wa shirika la umma huko Dar. Alipokuja kwenye hitima ya baba yake alisema, "Mama, nimeomba uhamisho nije Tabora. Lakini watoto hawataweza kukaa humu. Giza, maji ya kuchota, paa la udongo linavuja."

"Basi nitaitengeneza," akasema Bi Zeyana.

Aliuza bangili zake za harusi, kisha akamwita Ambrosi, fundi mwashi wa mtaa wa Cheyo, mtu mpole wa makamo. Ambrosi alipita ndani akigongagonga kuta kwa vifundo vya vidole.

"Mama, nyumba hii haina ubavu," alisema. "Kuta za pembeni ni za jirani pia, dirisha hatutoboi. Mwanga itabidi utoke juu."

Kiangazi hicho waliangusha paa la udongo, wakapiga bati, na juu ya vyumba vya katikati wakaacha nafasi ya kioo kinene. Ukuta uliogawa vyumba vile ukabomolewa, vikawa sebule moja. Bomba likaingizwa hadi jikoni. Watu wa umeme wakaja na nyaya zao.

Vumbi lilimwingia Bi Zeyana machoni na kwenye ugali, naye hakulalamika. Kila asubuhi alichemsha tangawizi mapema, akasikilizia nyundo ianze. Ambrosi alizoea kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na Bi Zeyana, aliyekuwa na tasbihi mkononi, akawa anazijua pale zinapopanda na zinaposhuka. Kazi ilipokaribia kwisha alianza kuitafutia mkia, isiishe.

"Mama, jana ulisema rafu hii ikae pale," Ambrosi alimkumbusha siku moja.

"Leo nimeona ikae hapa."

Ambrosi alimtazama kidogo, kisha akaing'oa misumari.

Asubuhi moja akaja bila vifaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mikono mitupu?"

"Nimekuja kuaga. Operesheni Vijiji imefika kwetu, upande wa Urambo. Mama yangu ni mjane, na ameambiwa ahamie kijiji kipya kabla ya mvua. Naenda kumbomolea nyumba, kisha nimjengee nyingine huko."

"Utarudi?"

"Sijui, mama. Huko hata kisima bado."

Bi Zeyana alimpitisha ndani. Halafu akamwonyesha uani, zilipolazwa boriti za paa la zamani. "Chukua hizo. Ni za mninga, mchwa hawaziwezi. Mwambie mama yako nampa pole."

Ambrosi alizipakia kwenye mkokoteni wa kukodi, na Bi Zeyana akasimama mlangoni mpaka zikapotelea kwenye kona. Ukuta wa jikoni uliobaki aliupaka chokaa mwenyewe, taratibu, akiumwa mabega.

Alikuwa bado anaosha brashi, binamu yake Salmini alipobisha hodi. Yeye ndiye aliyekuwa na simu dukani.

"Ghalibu amepiga," alisema, akikwepa kumwangalia usoni. "Uhamisho umetoka. Lakini ni wa Mwanza."

Ghalibu na familia yake walipita kwa treni, wakienda Mwanza. Ilipokuwa imesimama Tabora kwa muda mrefu, walikuja mbio nyumbani. Wajukuu waliwasha na kuzima taa mpaka mama yao akawakemea. Ghalibu alisimama katikati ya sebule akageuka huku na huku.

"Sasa hii ndiyo nyumba, mama. Lakini utakaa na nani? Twende wote."

"Nendeni. Nimehangaika nayo, acha niikae kwanza."

Alisema hivyo kwa sababu alitaka abembelezwe mara nyingine. Ghalibu alitazama saa, akambusu mkono.

Bi Zeyana hakwenda Mwanza, wala Ambrosi hakuonekana tena Cheyo. Mvua za kwanza zilipoanza, bati jipya lilipiga kelele ambazo paa la udongo halikuwahi kupiga. Katika kelele hizo Bi Zeyana aligundua kwamba anaweza kusema bila kujisikia mwenyewe. Akaanza kuzungumza kwa sauti: habari za sokoni, magoti yake, watoto walivyoichezea swichi. Mvua ilikatika ghafla, ikamkuta amefika katikati ya maneno. Akafunga mdomo, akaenda kufunga bomba la jikoni lililokuwa likidondosha maji.