Kugongwa Mara Mbili Begani

Kwa miaka kumi na tisa papa walikuwa wake wenzangu. Msicheke. Mume wangu alikuwa mpiga picha wa filamu za bahari kuu, huko ambako ukitazama chini huoni mwisho, na kila aliporudi nyumbani mazungumzo yake yalikuwa hao hao: yule jike mwenye kovu pezini, yule mdogo mtundu aliyeonja taa ya kamera. Madarasa ya watoto wake mwenyewe aliyachanganya.

Huko chini hakuwa peke yake. Anayewapiga papa picha huona kilicho mbele ya kioo tu, na papa ana tabia ya kuja kutoka upande alioupa kisogo. Kwa hiyo nyuma yake alikaa rafiki yake, ambaye sote tunamwita Kisogo, mkono haubanduki begani kwa mwenzake. Akigonga mara moja, geuka. Mara mbili, panda juu, usiulize, hata kama ndiyo kwanza picha ya maisha yako inaanza. Tena anagonga kwa nguvu, mpaka kamera inaruka.

Mwaka jana ngoma ya sikio la kushoto la mume wangu ilipasuka. Daktari akampa miezi minane lipone, ndipo ampime aone kama ataweza kuzama tena. Miezi minane! Mtu mzima alizunguka nyumba kama mgeni aliyeachwa na basi. Siku moja alimaliza kuosha vyombo, akajaza beseni maji safi, akainama akayatazama tu.

"Baba watoto," nikamwambia, "hilo ni beseni."

"Najua, mke wangu. Niache kidogo."

Nami, nisiseme uongo, niliomba sikio lisipone. Nilimtaka nyumbani. Niliomba hivyo huku nikimpigia pasi shati la kwendea hospitali.

Ombi langu likajibiwa. Daktari alisema asizame tena, si baharini wala kwenye bwawa la kuogelea. Kisogo akaondoka na mpiga picha mwingine, na mume wangu akapewa kazi ofisini: kukaa mbele ya kompyuta, kuangalia picha walizoleta wenzake na kukata kila kipande kilichotikisika. Alikwenda bila kulalamika. Hilo ndilo lililoniuma, maana mume wangu hulalamika hata chumvi ikiwa sawa.

Juzi alisahau chakula chake nikampelekea. Chumba kidogo, pazia limefungwa, feni inakoroma. Kwenye skrini papa mkubwa alikuwa anakuja polepole, na mume wangu ameinama mbele, hakunisikia nikiingia. Ghafla picha ikaruka. Ikaruka tena.

Akasimama. Kiti kikaanguka. Akabaki hivyo hivyo, mkono mmoja juu kama mtu anayepanda, huku kwenye skrini papa akizidi kudidimia na maji yakizidi kuwa meupe.

"Unakwenda wapi?" nikamwuliza.

Alinigeukia, macho yamejaa. "Kisogo kanigonga."

Hakukata kile kipande. Alikirudisha mwanzo, akainua kiti, akakaa. Nikaweka chakula mezani, nikasimama nyuma yake, nikamshika bega. Sikujua nigonge mara ngapi.