Waya Kati ya Meno

Kashojwa nzima, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, inajua kwamba fundi simu Byamungu akiwa kazini haongei. Si kiburi. Mkono mmoja una chuma cha moto, mwingine umeshika simu ya mtu, na ule waya mwembamba wa kulehemu anaubana kwa meno. Alifundishwa hivyo kwao Uvira, Kongo, na aliyemfundisha naye alifundishwa hivyo hivyo. Miaka yote hiyo mkewe Georgette hakuona ubaya. Angeuonaje, na nani alimwambia?

Kisha binti yao Divine, wa miaka minne, akaanza kushikwa na tumbo. Akakataa kula, akaacha hata kuimba nyimbo za kanisani alizokuwa akizijua. Wakampa dawa ya minyoo, wakampa tena. Mwishowe Georgette akampeleka hospitali ya mjini Mbarara, damu ikapimwa, na daktari akauliza baba yake anafanya kazi gani. Mtoto alikuwa na madini ya risasi mwilini, yale yanayotiwa kwenye waya wa kulehemu ili uyeyuke upesi. Hapo Georgette akaukumbuka mchezo wa Divine: kukaa kando ya baba, kipande cha waya kati ya meno, akitengeneza simu yake ya udongo. Daktari alisema risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na kwamba waya usio na risasi upo.

Upo, jamani. Basi siku zote hizo ulikuwa wapi? Georgette alitoka hospitalini akaenda moja kwa moja, Divine mgongoni, hadi kwenye duka la Jamil pale mjini, anakonunua Byamungu vifaa vyake vyote.

"Hiyo ya bila risasi mimi siuzi, nyabo," Jamil alisema, akimwita bibi kwa lugha ya pale mjini. "Hiyo iko ya Ulaya. Kule serikali ilikataza hii ingine. Hapa hakuna mtu anauliza, na mafundi wanapenda hii ya bei ya chini."

"Fundi gani uliuliza? Byamungu ulimuuliza?"

Jamil akainama kupanga betri kwenye kaunta. Nyuma yake ilikuwepo meza ambako yeye mwenyewe hutengeneza redio, na chini ya meza hiyo binti yake Nusrat, bado na sare ya shule, alikuwa akichora. Juu ya meza kulikuwa na waya uliozungushwa kwenye kigurudumu cha kijani. Ule wa kuuza, wote uliojaa rafuni, ulikuwa wa kigurudumu cheusi.

"Na ule?"

"Ule hapana, nyabo. Ule ya bila risasi iko ya mimi, mtoto anakaaga hapa."

Georgette akakitazama kigurudumu cha kijani, akamtazama Nusrat. Kumbe mtu huyu alikuwa akijua. Alikuwa akimfungia Byamungu sumu kwenye gazeti, akimtakia safari njema, kisha anarudi mezani kwake kumlinda wa kwake.

"Ulijua," alisema, taratibu kabisa. "Wa kwako ukamuchunga. Wa kwangu ukamupa hii. Leta ule waya."

Jamil akautoa bila kubishana. Usoni mwa Divine hakuthubutu kutazama.

Nyumbani, Byamungu aliujaribu na kununa. Waya ulikuwa mkaidi, ulitaka moto mkali zaidi, na chuma chake kilikuwa kimechoka. Mikono yote miwili ilipojaa, chuma huku na simu huku, akafanya alivyozoea: akaubana kwa meno.

"Toa," Georgette alisema.

"Si wewe umeileta? Si ndiyo ile safi?"

"Angalia chini."

Chini ya meza alikaa Divine na simu yake ya udongo. Alikuwa ameokota kipande cha waya wa zamani kwenye vumbi lile lile ambamo matone ya risasi yamedondoka miaka yote, akakiweka kati ya meno, akamkazia baba yake macho aone atafanya nini tena.

"Sasa yeye atajua namna gani waya yenye iko safi?" Georgette aliuliza.

Byamungu akautoa waya mdomoni. Divine naye akautoa wake.