Sombe Iliyoungua Katikati ya Wimbo

Mukicheka, muchekee polepole, maana hii haya sijaimaliza mpaka leo, na wamama wa Nyalukemba wakinikuta njiani hawaulizi habari za nyumbani, wanauliza mboga ya majani ya muhogo: "Furaha, sombe iko namna gani?"

Mimi naimba vizuri nikiwa peke yangu (jikoni, bafuni, nikifua), lakini mutu mumoja tu akiniangalia, sauti inakimbia kama kuku aliyeona kisu. Toka mutoto niliota kuwa muimbaji, na toka mutoto nilijiambia, weye nani, Furaha, na hayo meno yako ya mbele? Kwa korali ya kanisa nilisimama mustari wa nyuma nikifungua mudomo bila kutoa kitu. Sasa kuzini wangu Rachel, aliyekuwa ananisikiliza kupitia dirisha la jikoni, akaniomba niimbe kwenye ndoa yake, pale wageni wanapoleta zawadi wakicheza. Nikakataa. Akalia. "Muimbaji mwingine simutaki," akasema, "ukikataa, watu watacheza bila wimbo." Nikakubali.

Hapo ndipo akili ikanidanganya. Kwani lazima niimbe kweli? Nikajirekodi kwa telefone pale jikoni. Mara ya kwanza maman aliniharibia, nikarudia, ya pili ikatoka safi. Didjei ataweka hiyo, mimi nitashika mikro iliyozimwa na kutikisa mudomo, nani atajua?

Siku ikafika. Sale ya sherehe ya Nguba ikajaa watu, na mbele kabisa amekaa Papa Déo, maestro wa korali yetu (mutu asiyechekaga hata siku ya Noeli). Nikamupa didjei telefone, nikamwambia, "Weka ile ya Rachel," nikasahau kwamba zote mbili nilizipa jina la Rachel.

Wimbo ukaanza, na jamani, sauti ilikuwa nzuri! Foleni ya zawadi ikaingia ikicheza: tante Mapendo na matela, godoro zima, kwenye kichwa, wengine na mabeseni na sufuria, na mbuzi mumoja aliyekataa kucheza. Vigelegele! Mimi nafunga macho, natikisa mudomo na mabega, mpaka nikaanza kujipenda.

Mara bafle ya didjei ikatoa sauti ya maman wangu muzazi: "Weye Furaha! Sombe iko naungua! Ni wimbo ndio tutakula?"

Foleni ikasimama. (Mudomo wangu, mujinga huyu, ukaendelea.) Kisha bafle ikajibu kwa sauti yangu: "Maman, niache kwanza nimalize!" Na maman: "Utamalizia inje!" Na kifuniko cha sufuria kikaanguka, kwaa!

Sale yote ikageukia meza ya familia, na maman, badala ya kunyamaza, akasimama: "Ni kweli iliungua! Ile sufuria haijatakata mpaka leo!" Vicheko vikalipuka, hata mbuzi alilia. Didjei akazima. Nikatafuta mulango nikimbie, lakini njia yote imezibwa na matela ya tante Mapendo. Rachel amefunika uso na mikono. Nikajua nimemuharibia ndoa, na nikajiambia kwamba kuimba kumekwisha, milele.

Papa Déo akasimama. "Furaha, ile sauti ni ya nani?"

"Ni yangu, papa."

"Nani ananihakikishia?"

"Aa, maestro!" tante Mapendo akajibu akiwa chini ya matela. "Si umesikia mama yake anamuita jina? Fanyeni haraka, shingo iko naniuma!"

Papa Déo akaja, akawasha mikro, akaniwekea mukononi. "Basi, malizia."

Nikaanza. Mustari wa kwanza ulitoka upande, lakini mutu aliyekwisha kuchekwa na sale nzima, anaogopa nini tena? Wa pili ukasimama. Kwa wa tatu matela ikaanza kucheza, na Rachel akatoa mikono usoni, akacheza huku analia, na mimi nikalia naye bila kuacha wimbo.

Leo naimba solo kanisani kila siku ya Mungu, mustari wa mbele, meno yote inje, na nimeapa sitaazima tena bafle mahali pa mudomo wangu. Ila jikoni kwetu kitu kimoja kimebadilika: nikianza kuimba, maman anakuja mwenyewe, anachukua mwiko mukononi mwangu, na anakoroga sombe polepole mpaka nimalize.