Alama ya Mshana

Mzee Abednego wa Kighare, kijiji cha mlimani, alikuwa mhunzi, mtoto wa mhunzi, mjukuu wa mhunzi, wa ukoo wa Washana. Kila kilichotoka mkononi mwake, liwe jembe, mundu au kisu cha jikoni, alikigonga alama kwa tindo: mikato mitatu kama unyayo wa kuku. Kwake, chombo kisicho na alama kilikuwa sawa na mtoto asiye na ubini. Kikipotea, nani atakirudisha kwao?

Kisha soko likafunguliwa kwa bidhaa za nje. Majembe ya dukani, mepesi kama mfuniko wa sufuria, yakapanda mlima kwa magunia. Yalipinda msimu wa kwanza. Watu wakacheka, wakanunua mengine, nayo yakapinda. Ndivyo tulivyo binadamu, tunakubali kudanganywa ilimradi bei iwe ndogo. Kahawa nayo ikakosa bei, wengine wakang'oa mibuni. Moto wa Abednego ukawa unawashwa kwa nadra, mwishowe kuku wakaanza kutaga juu ya mivukuto ya kupulizia moto.

Ndipo Ruthi, kitindamimba wake, akapata nafasi ya kusomea kompyuta katika chuo kimoja cha Moshi. Chuo chenyewe kilikuwa kichanga na choka mbaya, mashine zake hazikutosha, kikasema wazi kwamba mwanafunzi aje na laptopu yake inayofanya kazi. Asiye nayo, nafasi yake anapewa mwingine. Kesho yake Abednego alimwita mnunuzi wa chuma chakavu, akamwuzia fuawe la babu yake, lile pande la chuma la kufulia. Wanaume wawili walilibeba wakihema hadi kwenye pikapu. Mkewe, Eva, alitoka mbio kumzuia, akamwona uso, akarudi jikoni.

Baba na binti wakateremka hadi Same, kwenye duka la Omari, kijana aliyeuza kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya. Kwa fedha ya fuawe walikuwa na mbili tu za kuchagua: moja nyeusi, nene na nzito, nyingine ya kijivu, nyembamba.

Abednego akaipakata ile nzito, akaipima kwa mikono, akaigonga kwa kidole na kutega sikio. "Hiki ndicho chombo," akasema.

"Mzee wangu, huku uzito hausaidii," Omari akamjibu kwa upole. "Hiyo ni ya zamani, programu za siku hizi itazikataa. Binti achukue hii nyembamba. Ila kioo chake ni laini, akitunze."

Ruthi alikuwa ameishika ile nyembamba kwa mikono miwili. Mbele ya mgeni hakuweza kumpinga baba yake, lakini macho yake hayakutoka kwenye ile mashine. Mzee akaliona hilo. Akacheka, mara ya kwanza tangu fuawe liondoke.

"Haya, chukua mfuniko wako wa sufuria."

Siku moja kabla ya safari, Ruthi alikwenda kumuaga shangazi yake. Abednego akabaki akiiwazia ile mashine. Chuo kina watu wengi, na wezi hawakosekani. Tena hapakuwa na mtoto wake aliyewahi kutoka nyumbani na chombo kisicho na alama ya kwao. Wilson, kaka yake Ruthi, alikwenda kwenye mashamba ya mkonge na panga lenye mikato mitatu. Mzee akatandika kanga juu ya jiwe, akailaza ile mashine ikiwa imefungwa, mgongo wa kioo ukiwa juu, akachukua tindo na nyundo ndogo.

"Baba Ruthi, hicho si jembe," Eva akamwambia.

"Najua. Ndiyo maana nagonga taratibu."

Ruthi aliporudi alipapasa ile mikato kwa kidole, akasema, "Asante, baba." Nyumba haikuwa na umeme na betri ilikwisha zamani, kwa hiyo mashine ikafungwa begini kama ilivyokuwa.

Wiki haikuisha, Ruthi akarudi na begi lake lote.

"Kioo kimepasuka," akasema. "Ilianguka garini, baba. Nafasi wamempa mwingine."

Abednego alimfokea mbele ya majirani waliokuja kutoa pole. "Nimeuza fuawe la mababu! Wewe unashindwa kushika kitu kisichofika hata uzito wa kuku!" Ruthi aliinamisha kichwa, hakujitetea.

Alfajiri mzee akaichukua mashine, akateremka nayo Same. Omari akaiunganisha na umeme. Ikawaka, na kwenye kioo pakaonekana doa jeusi, kama wino uliomwagika. Omari akaigeuza, akaweka kidole juu ya ile mikato mitatu.

"Hii haikuanguka, mzee. Ikianguka hupasuka pembeni. Nyufa zimeanzia hapa, chini ya nyundo. Binti nilimwonyesha alipokuja juzi kuulizia kioo. Hakukwambia?"

"Kioo kingine je?" Abednego akauliza.

"Ni bei ya mashine nyingine."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, lakini yake hayakungoja. Yalimkaba palepale kwenye kiti cha Omari. Alikumbuka maneno aliyomrushia mwanawe mbele za watu, akaona haya kupanda mlima. Hata hivyo akapanda, maana hakuwa na pengine pa kwenda.

Alimkuta Ruthi shambani akipalilia maharage.

"Ruthi."

"Abee, baba."

"Haikuanguka."

Ruthi akanyoosha mgongo, akaliona begi la mashine mkononi mwa baba yake, kisha akamtazama usoni. Mzee alitamani amfokee, amtukane ikibidi, ili walau deni lipungue.

"Ilianguka, baba," akasema taratibu, akainama tena.

Jembe alilokuwa nalo lilikuwa la baba yake, limelika karibu nusu kwa miaka, na mikato mitatu bado ilionekana. Abednego alisimama pale kandokando ya shamba mpaka binti yake akafika mwisho wa mstari na kuanza mwingine.