Fumba-Macho Ajiundia Gobore

Wifi yangu Orpha Tackett anaweza kumpiga kunguru kwa jiwe huku mkono mwingine umebeba ndoo. Ni mashoto, na jiwe la mashoto halitabiriki. Lakini mpe gobore, atafumba macho baruti ikishika tu, na risasi itakwenda kuwasalimu malaika. Ndiyo maana huku Laurel Fork, milimani Kentucky, wanamwita Fumba-Macho. Aliyembandika jina hilo ni kaka yake Lonzo, ambaye Mungu alinipa mimi awe mume wangu.

Kila vuli tunachinja ng'ombe na kumshindania kwa shabaha. Mlengaji analala nyuma ya gogo, anaegemeza mtutu juu yake, anapiga ubao. Wanne wa kwanza wanajichagulia robo za nyama, wa tano anapewa ngozi na mafuta, wengine wanarudi na visingizio. Kila ukoo una nafasi mbili kwenye gogo. Tangu baba mkwe afariki, nafasi zetu ni za Lonzo na Orpha, na wote wawili hupigia gobore moja, lile la mzee.

Basi mwanzo wa mwaka, maharage na mkate wa mahindi vikiwa mezani, Lonzo akafungua mdomo.

"Dada, safari hii nafasi yako nampa Dwight." Dwight ni mkwe wetu, kijana mpole, nywele nyingi.

"Dwight hajui hata kombeo!"

"Lakini hafumbi macho. Wewe unatumalizia baruti tu. Na gobore la baba ni langu. Ukitaka kulenga, kajiundie lako."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza, nikawa nimechelewa. Orpha aliweka kijiko chini taratibu.

"Sawa. Nitakuja na langu. Nikikosa ubao, nafasi mpe Dwight mpaka kiama."

Hapo ndipo nilipojua kwamba wanaume wa Laurel Fork wana maoni mengi kuliko meno. Orpha akienda dukani kununua misumari, huyu anamwambia mtutu achukue wa kiwandani, unang'aa. Yule anaapa kwamba mtutu wa kiwandani haufai hata kuchochea moto. Ungedhani mtoto wa chifu anatafutiwa mchumba. Orpha aliwasikiliza wote, akashukuru, kisha akavuka mlima kwa Cordell Fugate, fundi mwenye kazi safi na mwendo wa konokono. Wateja wake wengine hupokea mtutu wakiwa wameshapata wajukuu.

"Kwa nini Fugate?" nikamuuliza.

"Baba alinunua kwake."

Kitako alikichonga kwa mbao ya ule mti unaokamuliwa utomvu wa sharubati, uliopandwa na mzee uani, ukaangushwa na dhoruba. Mbao ilikuwa na mawimbi mazuri mpaka Dwight akaomba kuishika. Urefu, uzito, mkunjo wa kitako, kila kitu alipima kwenye gobore la baba yake. Hata pahali pa mtambo, ule wa jiwe la kuwashia baruti, alipachimba kulia, kama la mzee. Nikaona huyu hajengi bunduki, anamjenga baba yake upya. Sikumwambia. Nilimpelekea keki ya tufaha.

Ukabaki mtambo wenyewe. Tukapanda pikapu kwenda kwa Wilma Sturgill, anayeunda mitambo gerejini kwake na kumfokea kila anayeingia.

"Nataka kama wa baba," Orpha akamwambia, akamwonyesha kitako.

Wilma hakukitazama kitako. Alimrushia ufagio. "Mlenge yule jogoo wangu."

Orpha akauweka ufagio begani. Bega la kushoto, bila kufikiri.

"Wee mama!" Wilma akapiga kelele. "Shavu lako liko upande wa kulia wa bunduki, halafu na mtambo unautaka huko huko? Baruti inawaka puani mwako!"

"Tackett wote tumepigia bunduki hiyo hiyo."

"Tackett wote ni mashoto?"

Orpha akautazama ule ufagio begani kwake. Halafu Wilma akacheka mpaka miwani ikamdondoka, nami nikacheka, kisha nikaona Orpha hacheki. Mbao ile nzuri ilikuwa imeshachimbwa upande usio wake. Nyumbani kulibaki ubao mmoja wa mti ule, hauna mawimbi, una fundo baya katikati.

Alilia ndani ya pikapu. Nilimwacha alie hadi darajani.

"Wifi," nikamwambia, "baba yako alipanda mti. Hakupanda kitako."

Alipenga kamasi. "Geuza gari."

Tukarudi na mtambo wa kushoto.

Siku ya ng'ombe, Lonzo aliliona lile gobore lenye fundo, akashika kiuno. "Jamani, Fumba-Macho kafunga mtambo kinyume!" Watu wakaangua kicheko. Dwight alikuwa ameshavaa kofia mpya ya kulengea. Orpha akalala nyuma ya gogo, na mimi nikajikuta nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua.

Cheche ziliruka kwa nje, mbali na uso wake. Macho yalikuwa wazi, makubwa kama ya bundi. Ubao ukapasuka karibu kabisa na alama. Alikuwa wa tatu, akajichagulia robo ya paja, na mimi nilipiga kigelegele mpaka ng'ombe wa jirani wakakimbia.

Lonzo yeye hakupata hata ngozi. "Lete hapa hilo dude," akasema, "lipigwe na mtu anayejua."

Orpha akalishindilia upya, akampa. Lonzo akaliweka bega la kulia, mtambo ukiwa mbele ya shavu lake, akavuta. Moto ukamlipukia usoni, akafumba macho, risasi ikaangusha kitawi juu ya vichwa vyetu.

"Fumba-Macho!" uwanja mzima ukapiga kelele, na Dwight ndiye aliyepaza sauti kuliko wote.

Lonzo alikaa kwenye gogo akijipapasa nyusi zilizoungua. Hakucheka.

"Dada," akasema, "kwako ilikuwa hivi? Kila mara?"

"Kila mara."

"Miaka yote hiyo! Mbona hukusema?"

Orpha akachukua gobore lake, akalifuta masizi kwa mkono wa sweta.

"Nilidhani ndivyo bunduki zilivyo."